Kabla ya kuchagua mlima, uliza kitanda kiko mita ngapi

Likizo za katikati ya mwaka zikikaribia, wateja wetu huja na picha kwenye simu: kilele cheupe, ziwa la kijani chini yake, anga safi. "Tunataka hapa, mnaweza?" Tunaweza. Ila siku hizi hatukati tiketi kabla ya kuuliza mambo mawili: mtalala kwenye mwinuko gani, na mnakwenda mwezi gani?

Swali la kwanza tulifunzwa na kosa letu wenyewe. Tuliwapangia wazazi na binti yao ndege hadi Leh, kule Ladakh kaskazini mwa India, mji ulio kama mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, kisha tukaweka matembezi kesho yake asubuhi. Asubuhi hiyo baba alikutwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi, kichwa kinamgonga, hawezi kuinama afunge kamba. Mtu mzima mwenye afya yake. Mwili wake haukupewa muda tu. Tulifuta ratiba wakapumzika siku mbili, na bado inatuuma kwamba siku hizo hatukuziweka tangu mwanzo.

Kadiri unavyopanda, kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo zaidi. Kuanzia karibu mita 2,500 mtu yeyote anaweza kuumwa kichwa, kupata kichefuchefu na kukosa usingizi, hata mwanariadha. Ukivuka mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kwa siku kwenye mahali pa kulala, na kila baada ya siku 3 au 4 pumzika siku nzima. Dalili zikizidi, shuka. Usingoje kukuche.

Angalia nilivyosema: mahali pa kulala. Kupanda mchana na kurudi chini jioni ni jambo jingine. Chamonix, Ufaransa, iko kwenye mita 1,035 hivi, lakini gari la nyaya la Aiguille du Midi linakupandisha zaidi ya mita 3,700 kwa muda usiofika nusu saa. Unashika theluji mwezi Julai, unatazama Mont Blanc, na usiku unalala vizuri bondeni. Huko juu tembea polepole, maana ngazi chache tu zitakutoa pumzi. Familia yenye watoto au wazee mimi huipeleka Alps, safu hii ya milima ya Ulaya, bila kusita. Zermatt, Uswisi, ni kama mita 1,600. Magari ya kawaida hayaruhusiwi, unaliacha lako Täsch, kijiji cha jirani, na kuingia kwa treni, na mlima Matterhorn unauona ukiwa mjini.

Sasa mwezi. Juni hadi Agosti ni joto huko Alps, lakini Nepal ni masika: mawingu yanafunika vilele, na njia zimejaa matope na ruba. Ladakh, iliyo nyuma ya Himalaya, hupata mvua kidogo, kwa hiyo hiyo ndiyo miezi yake. Peru nako ni kiangazi kikavu, jua mchana na baridi kali usiku. Huko ushauri wangu ni kutolala kwanza katika mji wa Cusco, ulio karibu mita 3,400. Anzia Bonde Takatifu lililo karibu na mji huo, ambako ni chini zaidi, ndipo upande.

Mwanzoni mwa Juni sipapendi sana. Theluji bado imeziba njia nyingi za juu, na vibanda vingi vya wapanda milima kwenye milima ya Dolomites, Italia, hufunguliwa kuelekea mwisho wa mwezi huo. Hata barabara maarufu ya Going-to-the-Sun huko Montana, Marekani, mara nyingi haipitiki yote hadi mwisho wa Juni au Julai. Na popote uendapo majira ya joto, ondoka alfajiri: radi za milimani hupenda alasiri, na saa hizo uwe umeshashuka kutoka mgongoni mwa mlima.

Sweta usiache. Joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, hivyo bonde likiwa na nyuzi 28, mita 1,500 juu yake ni kama 18, kabla hujahesabu upepo.

Ukituandikia, pamoja na picha yako tutajie umri wa mdogo kuliko wote na wa mkubwa kuliko wote, na idadi ya siku mlizonazo. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu amwone daktari wake kwanza, kisha tutamtafutia mlima wenye kitanda cha chini.