Oganoidi za Mapafu: Tunachotoa na Tusichoweza Kuahidi

Wanaotuandikia kuhusu oganoidi za mapafu, yaani vipande vidogo vya tishu vinavyooteshwa maabarani na kufanana kwa kiasi na mapafu, ni watafiti wanaotaka kupima dawa, lakini pia wagonjwa wanaouliza kama tishu hizo zinaweza kupandikizwa katika njia zao za hewa. Watafiti tunawahudumia, wagonjwa wanatudai maelezo haya.

Kazi huanza na seli za ngozi au damu, ambazo hurudishwa katika hali ya seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa aina nyingine za seli za mwili, kwa mbinu ambayo Shinya Yamanaka na wenzake waliitangaza kwa seli za panya mwaka 2006 na za binadamu mwaka 2007. Kisha huongozwa kwa wiki kadhaa kupitia hatua zinazofanana na zile za kiinitete, hadi zinapowasha jeni ya NKX2-1, alama ya seli zinazoelekea kuwa za mapafu. Jeni hiyo huwaka pia katika tezi ya thairoidi, kwa hiyo hatukabidhi oganoidi kwa kutegemea alama hiyo pekee.

Kwa ukarabati wa njia ya hewa, zinazotafutwa hasa ni seli za msingi, yaani zile zinazokaa kwenye tabaka la chini la utando wa njia ya hewa na ambazo, utando unapojeruhiwa, hujigawa na kuzaa seli za kutoa kamasi pamoja na seli zenye vinyweleo vya kuisukuma. Zikioteshwa juu ya kichujio, chini zikipata majimaji ya lishe na juu zikiguswa na hewa, vinyweleo huonekana kwenye hadubini vikipiga kwa pamoja, na mpaka leo hatujachoka kuvitazama.

Ugumu uko katika kuzipandikiza. Njia ya hewa imeumbwa kufagia nje kila kigeni, ndiyo maana katika majaribio ya wanyama utando wa asili hujeruhiwa kwanza ili seli mpya zipate pa kushika, jambo ambalo si jepesi kumfanyia mtu ambaye tayari anapumua kwa shida. Oganoidi yenyewe haina mishipa ya damu inayofanya kazi wala gegedu la kushikilia koo la pumzi, na seli shina chache zikibaki bila kukomaa zinaweza kuzaa uvimbe.

Kwa sababu hiyo oganoidi zetu ni za utafiti tu. Mgonjwa anayeuziwa tiba ya namna hii kwingineko aulize ni jaribio gani lililosajiliwa, nani aliliidhinisha, na kwa nini analipishwa.