Nitumie ile ovaroli

Isongole, Jumapili jioni

Mama Gwamaka mpendwa,

Ugonile! Sisi tupo, baridi tu inatutafuna. Najua nimekaa kimya tangu Pasaka na utanisema, lakini nisikilize kwanza.

Jumanne nilianguka shambani. Usishtuke, niko mzima. Manyunyu yalishinda siku nne, baka, ule ugonjwa wa ukungu, likaingia kwenye viazi, nikaona nikichelewa nimekwisha. Nikabeba bomba la kupulizia la lita 16 tangu alfajiri, sijala, kitenge puani, dawa ya baka nimeichanganya na ya wadudu. Bomba la nne upepo ukageuka. Mate yakajaa mdomoni, matuta yakaanza kuzunguka. Lugano ndiye aliyeniinua.

Mama mkwe akaja mbio na maziwa, eti yanakata sumu. Nikanywa kikombe kizima! Nesi wa zahanati alicheka: dawa imepita kwenye ngozi na puani, maziwa yanaifuata wapi? Akaniuliza utepe wa kwenye chupa una rangi gani. Mwekundu. Mwenzio miaka yote nasoma bei tu, kumbe utepe ndio unaosema ukali: nyekundu ndiyo mbaya kuliko zote, halafu njano, bluu, na kijani mwisho. Na kile kitenge, Mungu anisamehe, ndicho nilichokuwa nambebea mjukuu.

Unajua ng'ombe wetu akikohoa anaitiwa daktari siku ileile? Mimi nilikaa siku mbili ndipo nikaenda. Baba Lugano anasema ni uchovu, nilale. Nilale saa ngapi, na yeye usiku kucha anagaagaa akihesabu deni la mbolea? Mgongo nao, tangu tujaze yale malumbesa, magunia ya kupita kipimo, ya yule mnunuzi... basi, hilo siku nyingine.

Kuanguka hakunisumbui sana. Kichwa kilikuwa kinaniuma kila nikipulizia, msimu wa tatu huu, nami nasingizia jua. Jua gani, Isongole hii?

Sasa naomba ile ovaroli ya zamani ya Baba Gwamaka, na gambuti kama zipo. Mpe kondakta, nitapokea Uyole. Kupulizia nimemwachia Lugano kwa sasa, lakini naye hana cha kuvaa.

Wewe huko Makambako unapulizia nini, na utepe wake ukoje? Kichwa hakikuumi? Sekela kajifungua? Na lile deni la Mama Tusa, alilipa au ndiyo vile? Utakuja lini?

Mama asijue. Atakuja kwa miguu.

Wako,
Mama Lugano