Mtoto kuumwa sikio: kabla hujadai ada irudishwe

Kila masika lalamiko ni lile lile: "Bwawa lenu limemharibu mtoto sikio, nirudishieni ada." Safari hii limetupwa kwenye grupu la wazazi, watu wote wamelisoma, basi na jibu tunalitoa hadharani.

Maji yetu yanapimwa asubuhi, yanapimwa tena mchana kabla watoto wa shule hawajashuka kwenye basi. Klorini inakaa kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, pH kati ya 7.2 na 7.8. pH ikipanda zaidi ya hapo, dawa inalegea hata umwage ndoo nzima. Ile harufu kali ambayo wazazi huiita "dawa imezidi" mara nyingi ni klorini iliyokutana na jasho na mkojo. Ndiyo maana tunawalazimisha watoto kuoga kwanza, na wengine wananuna. Bwawa la jirani linatoza pungufu, tunajua. Muulizeni anapima lini, na maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, yakikatika analipia maboza mangapi.

Ila hata kwenye maji safi sikio linaweza kuugua. Tundu la sikio lina nta yake, nayo ndiyo kinga. Likishinda limelowa, ngozi inalainika, bakteria wanapata upenyo, na kwa joto na unyevu wa Dar fangasi nao hawachelewi. Hapo ndipo mzazi anapotoa kijiti cha pamba! Kinakwangua ngozi, kinaondoa kinga, na uchafu kinausukuma ndani. Kuna kijana wetu mmoja, fundi wa kuogelea chali, mama yake alikuwa akimchokonoa palepale kwenye benchi kila baada ya darasa. Daktari alikuja kutoa kipande cha pamba kilichobaki ndani, na bili ilipita ada ya miezi miwili. Tumeona pia njiti za kiberiti na unyoya wa kuku. Baba mmoja alimtilia mwanawe mafuta ya kupikia.

Inamisha kichwa upande, vuta sikio taratibu huku na huku maji yatoke, futa kwa nje na taulo kavu. Basi. Matone ya spiriti na siki nyeupe husaidia kukausha, lakini kama ngoma ya sikio imetoboka, ina mirija midogo iliyowekwa na daktari, au sikio linauma au kutoa usaha, usithubutu. Vizibo viwe vya silikoni vya kuogelea. Pamba kavu inafyonza maji na kuyaweka humo humo.

Kupata fununu tatizo liko wapi, bonyeza kile kinyama kilicho mbele ya tundu. Mtoto akiruka kwa maumivu, huenda ni sikio la nje, yaani tundu lenyewe mpaka kwenye ngoma. Kama yalianza na mafua na homa, yaelekea tatizo liko nyuma ya ngoma, na ngoma ikiwa nzima maji ya bwawa hayafiki huko, kwa hiyo hapo hatukubali lawama. Vyovyote iwavyo, mpelekeni akachunguzwe. Vidonge vya kununua kwa kukisia duka la dawa vinapoteza hela, maana sikio la nje kwa kawaida hutibiwa kwa matone.

Anayetibiwa haingii majini mpaka daktari aseme, kwa kawaida siku 7 hadi 10. Kuna wanaomleta mtoto kwa siri kwa kuwa mwezi umeshalipiwa. Msifanye hivyo: vipindi alivyokosa tunavisogeza mwezi unaofuata bila nyongeza. Fedha taslimu haturudishi.