Wifi yangu, mkate wa fatushi usilowe kabla ya kuliwa

Assalaam alaykum wifi yangu,

Umeuliza kwa nini fatushi yako, ile saladi ya mboga na vipande vya mkate uliokaushwa, ilikuwa imelowa kama mkate uliochovywa kwenye chai, na watu walikuwa hawajaigusa bado. Yaliyoiharibu ni matatu: maji ya mboga, mkate ambao haukukauka hadi ndani, na wakati uliochanganya. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu meza nyingi za futari zina tatizo hilihili, na kwa sababu mpishi aliyefunga haonji chakula chake. Asiyeonja ategemee kijiko cha kupimia. Kwa hiyo kila kipimo nimekiandika, na vyote ni vya watu sita. Kijiko kikubwa ni mililita 15, cha chai ni 5.

Fatushi ni ya Sham: Lebanon, Syria, Palestina na Jordan. Huko Ramadhani ikiingia, meza ya futari huikosa kwa nadra. Jina lake limetoka kwenye kitenzi cha Kiarabu cha kumegamega mkate, na ndugu yake ni fatta, vipande vya mkate vinavyomwagiwa supu, dengu nzima au mtindi. Nyanya na matango yaliwekwa ili mkate wa jana uliwe wala usitupwe. Ndiyo maana tunaanza na mkate, na ndiyo maana nitakaa hapo kuliko kwingine.

Tafuta mkate wa Kiarabu wenye matabaka mawili, ule wa pita ulio mwembamba na mtupu katikati. Mikate miwili yenye upana wa sentimita 20 inatosha. Mkate wa jana ni bora kuliko wa leo, kwa kuwa wa leo bado una mvuke ndani na hukauka juu ukabaki mbichi katikati. Shika mkasi, zunguka ukingo wote, yafungue matabaka mawili yawe duara mbili nyembamba. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayoamua kila kitu: mkate wa matabaka mawili yaliyoshikana huwa mgumu nje na laini ndani, na ule ulaini ndio unaonyonya kwanza mchuzi wa limau na mafuta tutakaoumwagia. Kisha kata vipande vya mraba vya sentimita tatu.

Vimwagie vijiko vikubwa viwili vya mafuta ya zeituni na robo kijiko cha chai cha chumvi, uvifikiche kwa mikono hadi kila kipande king'ae pande zote. Mafuta hayo yana kazi: huufunika mkate na kuyachelewesha maji kuingia. Vitandaze kwenye trei bila kulaliana, oveni nyuzi 180, dakika 10, ukivigeuza ya tano. Chukua kimoja kilichokaa katikati ya trei, kiache kipoe kidogo, kivunje. Kikilia na kukatika, tayari. Kikipinda kabla ya kukatika, rudisha dakika mbili. Usikipime kikiwa cha moto, kwa sababu mkate wa moto hupinda hata ukiwa umekwisha kukauka.

Kama huna oveni, kikaango kizito kwenye moto mdogo, dakika 12 hivi, ukigeuzageuza, kinatoa mkate mzuri. Wengi Lebanon huukaanga kwenye mafuta mengi, na utamu wake haupingiki. Mafuta yafike kina cha sentimita tatu, tumbukiza kipande kimoja. Kikitoa mapovu papo hapo na kupanda juu, moto umekaa sawa. Dakika moja au chini yake. Viopoe vikiwa bado na rangi ya dhahabu hafifu, kwa kuwa vitaendelea kuiva nje ya mafuta, na mkate uliofika kahawia utaleta uchungu kwenye bakuli zima. Usivirundike vikiwa vya moto: mvuke wa vya chini hulainisha vya juu.

Kwa watu wa pwani kuna adui mwingine, hewa yenyewe. Mkate ulioukausha saa nne asubuhi ukauacha wazi Mombasa au Zanzibar, jioni utakuwa umelegea bila tone la mchuzi. Ukipoa kabisa, utie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Ukilegea, dakika tatu za oveni humrudisha mgonjwa. Chapati usijaribu. Ina mafuta ndani ya matabaka yake, hukauka ngozi tu. Mkate wa ajemi nao ni mnene mno.

Sasa sumaki, kiungo cha Kiarabu, si ile ya kuvuta chuma. Ni matunda madogo mekundu ya kichaka, yaliyokaushwa na kusagwa, na ladha yake ni uchachu usio na maji. Hapo ndipo thamani yake ilipo: unaongeza ukali bila kuongeza umajimaji wa ndimu. Nzuri ni nyekundu iliyokoza inayoelekea zambarau, na ukiibana kwa vidole hushikana kidogo. Ikiwa kahawia na kavu kama vumbi, ni ya zamani au imesagwa na kokwa zake. Ndugu akitoka Maskati au Dubai, mwagize robo kilo. Huko ni kiungo cha kawaida dukani. Ionje mchana wa kabla ya mfungo, maana nyingi huuzwa zikiwa zimeshatiwa chumvi, na ukijua hilo utapunguza chumvi ya mchuzi. Ukiikosa kabisa, unga wa embe bichi unaouzwa kwenye maduka ya viungo ya Wahindi ndio unaokaribia. Ukwaju hapana, hugeuza mboga zote rangi ya matope.

Mchuzi: ponda punje moja ya kitunguu saumu na nusu kijiko cha chai cha chumvi hadi iwe uji. Ikiwa na kichipukizi cha kijani katikati, kitoe, ndicho chenye uchungu. Loweka kijiko kikubwa kimoja cha sumaki katika vijiko vikubwa vitatu vya maji ya limau kwa dakika 10, ilainike. Ukitumia ndimu badala ya limau, vijiko viwili na nusu vinatosha, ni kali zaidi. Changanya na saumu, ongeza kijiko kikubwa kimoja cha asali ya komamanga, nusu kijiko cha chai cha nanaa kavu, na mwisho vijiko vikubwa vitano vya mafuta ya zeituni ukipiga kwa uma.

Hiyo asali ya komamanga haina nyuki. Ni maji ya komamanga yaliyochemshwa hadi kuwa mazito. Soma karatasi ya chupa: ikianza na sukari, umenunua sharubati. Nyumbani, lita moja ya maji ya komamanga kwenye moto mdogo, bila mfuniko, kwa saa moja au zaidi, hutoa kama robo lita. Izime ikiwa bado nyepesi kidogo kuliko unavyotaka, kwa sababu ikipoa huganda. Ziko nyumba za Sham ambazo haziitii kabisa, kwa hiyo ukiikosa, fatushi yako haijapungukiwa jina.

Mboga ni rahisi. Nyanya tatu ngumu zilizoiva, matango madogo matatu au moja kubwa la kwetu, lakini hilo kubwa lipasue katikati na ukwangue mbegu kwa kijiko, zimejaa maji. Pilipili hoho moja ya kijani, figili tano, vitunguu vya majani vitatu, saladi ya majani marefu kichwa kimoja, konzi mbili za paseli na konzi moja ya nanaa mbichi. Paseli, si giligilani. Majani yanafanana lakini giligilani huimeza sumaki. Watu wa Sham hutia pia majani manene machachu wanayoyaita bakle. Kwetu mmea huo huota wenyewe shambani, pwani wakiuita tako la hasani. Ukiutambua vizuri, tia vichomozo vyake laini. Nyanya na matango kata vipande vya sentimita mbili, si vidogo kama kachumbari: kila unapokata, unafungua mlango wa maji kutoka.

Osha kila kitu kwa maji salama, kisha kausha. Naomba usiipuuze hii. Jani la saladi lililojikunja hubeba maji mgongoni, na maji hayo huusukuma mchuzi chini ya bakuli. Tandaza majani kwenye kitambaa safi, yakunje, yatie kwenye friji humohumo hadi jioni. Nanaa ichane kwa mkono dakika ya mwisho; kisu butu huiponda ikawa nyeusi.

Tufike kwenye wakati, hapo ndipo ulipokosea zaidi. Ulichanganya kabla ya adhana ili kila kitu kiwe tayari. Lakini watu wakisikia adhana hula tende, hunywa maji, huswali Magharibi, ndipo wakakaa. Hiyo ni robo saa au zaidi, na chumvi muda wote huo inavuta maji kutoka kwenye nyanya, mkate unayanywa. Alasiri kausha mkate na upige mchuzi. Robo saa kabla ya adhana kata nyanya, ziweke kwenye chujio juu ya bakuli, bila chumvi. Wakitoa salamu ya mwisho ya sala, mimina mchuzi kwenye mboga, geuza kwa mikono miwili kutoka chini kwenda juu, tia theluthi mbili za mkate, geuza mara tatu tu. Theluthi iliyobaki irushie juu pamoja na kijiko kimoja cha chai cha sumaki. Wapo wanaoupenda mkate ukiwa umelainika nusu, nao hawakosei. Wao wangoje dakika tano.

Ukialika watu ishirini, zidisha kila kitu mara tatu na nusu, ila kitunguu saumu punje mbili tu, na uchanganye katika mabakuli mawili, la pili baada ya la kwanza kuisha. Iliyokwisha kuchanganywa haifiki daku. Mboga zisizotiwa mchuzi zifunike kwenye friji, mkate urudi kwenye kopo lake, na mchuzi kwenye chupa. Kesho utaitikisa tu.