Mitego ya Minecraft: tubadili namna ya kumpata mshindi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye gazeti lako tuseme na vijana, wazazi na wenye vibanda vya gemu hapa Mwanza. Likizo zikifika vijana hukaa pamoja, huunganisha simu zao na kushindana kujenga mitego na mizingile, yaani njia za kupotezana, kwenye Minecraft, gemu ya kujenga kwa bloku. Ubaya ni kwamba mshindi huwa ni yule ambaye mtego wake umeua wengi. Kwa kipimo hicho, anayechimba shimo refu mlangoni na kuliacha wazi gizani ameshinda. Mzazi akiona hivyo anasema gemu inafundisha roho mbaya, na hatuwezi kumlaumu.

Sisi tunaona kipimo ndicho kibovu. Mtego wa fundi hufyatuka kila unapokanyagwa, hujitega upya wenyewe, hauharibu kazi ya wenzako, na aliyenaswa ameachiwa dalili ya kuonekana kwa macho pamoja na njia ya kutoka. Tutaeleza mmoja kwa ukamilifu, ule wa sakafu inayofunguka, kwa sababu ndio wengi huanza nao na ndio unaowashinda.

Ujia uwe na upana wa bloku moja. Chagua bloku tatu za sakafu zinazofuatana. Hizo ndizo zitakazoondoka. Kila moja ishikwe na pistoni ya kunata, kifaa kinachosukuma bloku na kuivuta kinaporudi, iliyolazwa usawa wa sakafu, zote upande mmoja, mwili wa pistoni ukiwa bloku ya pili kutoka ujiani. Pistoni ikinyooka, mkono wake unakaa chini ya ukuta na bloku inakaa chini ya miguu ya mpitaji. Ikirudi, bloku inavutwa chini ya ukuta na shimo linabaki wazi. Ukiibandika pistoni jirani kabisa na ujia, utakuta mkono wake ndio umekaa njiani na bloku imesukumwa hadi chini ya ukuta wa pili.

Nyuma ya pistoni panga bloku ngumu nne: tatu kwa pistoni tatu, moja ya ziada upande umeme utakakoingilia. Juu ya hizo nne tandaza unga wa redistoni, ndio waya wa umeme wa gemu hii. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Watu hutandaza unga chini, sambamba na migongo ya pistoni, wakidhani kugusana kunatosha. Unga hupeleka umeme kule unakoelekea na kwenye bloku iliyo chini yake tu. Ukipita ubavuni mwa pistoni, pistoni haisikii kitu. Ukiwa juu ya bloku ngumu, umeme unashuka ndani ya bloku, na bloku inaipa pistoni iliyo mbele yake. Kioo hakifai hapo.

Pistoni hizi zinatakiwa zinyooke muda wote, zirudi mtu anapokanyaga. Kwa hiyo umeme lazima ugeuzwe. Weka bamba la kukanyaga la jiwe juu ya bloku ya sakafu inayozitangulia zile tatu. Ubavuni mwa bloku hiyo, upande wenye pistoni, chini ya ukuta, bandika mwenge wa redistoni: huo hutoa umeme muda wote, ila huzimika bloku ulikobandikwa ikipata umeme. Nyuma ya mwenge weka unga mmoja, nao utapanda wenyewe kuungana na ule wa juu ya bloku ya nne. Juu ya unga huo wa chini pabaki wazi. Ukipaziba, unakata mahali pa kupandia. Mtu akikanyaga, mwenge unazimika, pistoni zinarudi, sakafu inaondoka.

Vifaa vyake si vingi. Pistoni tatu za kunata zinakula mbao 9, mawe ya kuvunja 12, vipande vya chuma 3, unga 3 na ute 3. Mwenge ni unga 1 na kijiti 1, na njia ya umeme ni unga 5, kwa hiyo unga wote ni 9. Bamba ni mawe 2 yaliyopitishwa tanuruni.

Kwa nini bloku tatu? Mchezaji anayetembea huenda kama bloku 4.3 kwa sekunde, na anayekimbia kama 5.6. Mwenge na pistoni kwa pamoja huchukua kama robo ya sekunde. Kwa muda huo anayekimbia amepita bloku moja na kitu, yaani bado yuko juu ya zile tatu. Wapo wanaotia ripita ya kuchelewesha hatua nne wakitaka shimo likae wazi muda mrefu. Ripita hiyo huchelewesha kufunga kwa sekunde 0.4, na kufungua vilevile. Anayekimbia anaongeza bloku mbili zaidi na anaweza kuvuka salama, kisha mwenye mtego analalamika kwamba gemu ina hitilafu. Bila ripita, bamba lenyewe hushikilia kama sekunde moja, na hiyo inatosha mtu kushuka kabla sakafu haijarudi.

Tunasisitiza bamba liwe la jiwe. La mbao hufyatuka hata kwa kitu kilichotupwa juu yake, hivyo mjanja hurusha kijiti mbele yake na mtego wako unafunguka bure. La jiwe linasubiri kiumbe hai. Na lazima lionekane: juu ya sakafu ya jiwe lenye rangi ileile linahitaji jicho makini, lakini lipo. Hiyo ndiyo dalili yake, na anayetembea akiangalia chini anastahili kupita.

Mkicheza wengi kuna jambo la kubadili. Watu wanne wakifuatana, wa kwanza anadondoka na watatu wameshajua. Hamisha bamba, mwenge, unga wake na bloku ya nne upande wa pili, baada ya zile bloku tatu. Sasa anayetangulia anavuka sakafu nzima, anakanyaga bamba, na shimo linafunguka nyuma yake, chini ya wanaomfukuzia. Mabadiliko hayo madogo yanatuvutia kuliko lundo lolote la baruti.

Kina cha shimo ndicho kinachoonyesha nia ya mjenzi. Mchezaji ana pointi 20 za uhai, na kila bloku ya kuanguka baada ya tatu za kwanza humtoa pointi moja. Shimo la bloku 23 linamuua mwenye afya kamili asiye na kinga. La bloku 10 linamtoa 7, anaumia na anaendelea. Maji ya kina cha bloku moja chini ya shimo hufuta madhara yote. Ushauri wetu ni maji au bloku 10, kisha mlango unaompeleka kwenye ngazi ya chini ya mzingile, atafute njia ya kupanda. Ukiua, vitu vyake vinabaki shimoni na hupotea baada ya dakika 5 asipovifikia. Hapo ndipo ugomvi wa kweli unapoanzia kibandani. TNT, yaani baruti ya gemu, tungeipiga marufuku kabisa kwenye dunia ya pamoja: inalipuka sekunde 4 baada ya kuwashwa, aliyeikanyaga ameshakimbia, kinachobomoka ni kuta za wenzako.

Mzingile nao una hesabu yake. Chora kwanza kwenye daftari la hesabu lenye miraba. Eneo la bloku 31 kwa 31 linatoa vyumba 15 kwa 15, yaani 225, kila kimoja kikitengwa na ukuta wa bloku moja. Anza chumba chochote, vunja ukuta kwenda kwa jirani ambaye hajaguswa, endelea hivyo. Ukikwama rudi nyuma hadi penye jirani aliyebaki. Ukimaliza utakuwa umevunja kuta 224. Zikipungua, kuna chumba kimefungwa kabisa. Zikizidi, kuna mzunguko ambao hukuukusudia. Baada ya kutoa mlango wa kuingilia na wa kutokea, zinabaki nguzo 510 za ukuta. Kwa kimo cha bloku tatu ni bloku 1530, mafungu 23 ya 64 na bloku 58.

Mzingile wa namna hiyo una udhaifu mmoja: mtu akishika ukuta wa kulia bila kuuachia, atatoka tu, hata kama atachoka. Dawa yake ni kuweka hazina katikati na kuvunja kuta chache za ziada kuizunguka, ili kuta zilizo karibu nayo zisiungane na ukuta wa nje. Anayefuata mkono atazunguka kote asiione.

Paa ni la lazima. Bila paa mchezaji anageuza kamera ikae nyuma yake na kuchungulia juu ya kuta, hasa kwenye simu. Linakula bloku 961. Kioo kinafaa, waamuzi wanaona kutoka juu. Ndani weka mienge, kwa kuwa tangu toleo la 1.18 la mwaka 2021 majitu huzaliwa pale ambapo mwanga ni sifuri, na mwenge unaanza na 14 ukipungua moja kila hatua. Weka kila njia panda bila kubagua. Ukiiweka ovyo inageuka alama za barabarani.

Vijana wa hapa wana bahati ya kuishi kati ya mawe. Vichochoro vya Mabatini na Igogo vinavyopanda kati ya majabali vinafundisha kujenga mzingile wa ngazi mbili tatu kuliko kuta zilizonyooka, na jabali ni maficho mazuri ya pistoni. Itale ya kwenye gemu ina rangi ya waridi, haifanani na Jiwe la Bismarck la ziwani hapa Mwanza. Changanyeni jiwe la kawaida na andesaiti, jiwe jingine la kijivu, ila penye bamba sakafu ibaki jiwe tupu.

Na video za kufundishia zisifuatwe kwa kufumba macho. Nyingi ni za toleo la kompyuta, Java, ambako pistoni hupokea umeme hata kupitia nafasi iliyo juu yake. Toleo la simu, Bedrock, halina tabia hiyo, na mchoro mzuri wa Java unaweza kukaa kimya kwenye simu. Simu zote ziwe na toleo moja la gemu, dunia inakiliwe kabla ya mashindano, na simu inayoshikilia dunia ichomekwe chaji, kwa sababu ikizima wote wanatolewa.

Mhariri, tunaomba ukurasa wako wa vijana uchapishe michoro ya mizingile ya miraba 31 kwa 31 kabla ya likizo ya Desemba. Wenye vibanda tunawaomba mtego wa kila kijana ujaribiwe mara kumi mfululizo na watu tofauti. Usiofyatuka au usiojitega upya upoteze alama, na ule usio na njia ya kutoka usihesabiwe.

Ni sisi wasomaji wako,
Kirumba, Mwanza