Barua kwa mjomba anayeizika Yanga kila dirisha la usajili

Mjomba, shikamoo.

Ujumbe wako wa kwenye grupu la familia nimeuona: "Aziz Ki kaondoka, tumekwisha," yaani kiungo wetu aliyekwenda Wydad ya Morocco 2025. Ningekujibu palepale, ila shangazi alikuwa anakusanya michango ya harusi, nikaona nisimharibie. Nakujibu hapa mbele za watu, maana wajomba wa aina yako wamejaa kuanzia Jangwani mpaka Kigoma.

Julai 2023 ulisema hivyohivyo, na sababu ulikuwa nazo. Kocha Nabi alishaaga, Feisal kaenda Azam, halafu Pyramids ya Misri ikamchukua Fiston Mayele. Mabao 17 ya ligi, sawa na Saido wa Simba. Mabao saba Kombe la Shirikisho Afrika, mfungaji bora wa mashindano, mpaka tukafika fainali na kulikosa kombe mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini. Watoto walikuwa wakifunga hata kwenye chandimu wanatetema, ule mtindo wake wa kushangilia. Ukauliza, "Sasa nani atatetema?"

Hakutetema mtu. Hafiz Konkoni aliletwa, msimu hakuumaliza. Oktoba Ihefu wakatufunga 2-1 kule Mbarali, na sauti yako kwenye simu ilikuwa ya mtu aliyefurahi kidogo, usibishe. Tarehe 5 Novemba Simba akala tano. Musonda moja, Maxi mbili, Aziz Ki moja, Pacome kwa penalti. Kocha mpya, Gamondi, hakuhangaika kumtafuta Mayele wa pili. Aliwaruhusu viungo waingie kwenye boksi wajihudumie wenyewe. Aziz Ki, kiungo, akamaliza ligi na mabao 21, na ubingwa ukabaki kwetu.

Najua utakapokimbilia: Mamelodi Sundowns. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2024, Dar 0-0, Pretoria 0-0, tukatolewa kwa penalti 3-2. Lile shuti la Aziz Ki lililogonga mwamba na kudunda chini tutalibishania mpaka kiama. Lakini dakika 180 bila bao ni dakika 180 bila bao, na mechi ya namna ile ndiyo inayomtaka mtu mmoja mwenye roho mbaya mbele ya goli. Kisha 1 Juni 2025, marudiano ya fainali ya ligi hiyohiyo kule Cairo, Pyramids wakamfunga Sundowns huyohuyo 2-1, na bao la kwanza kafunga nani? Mayele. Ulinitumia picha tu, bila neno. Iliniuma, Mjomba, na hapo nakuachia pointi zako tatu.

Ninachokulaumu ni kwamba kwako kila anayeondoka ni msiba wa aina moja. Ulijiona nabii tangu 2021, Simba walipowauza Chama na Miquissone katika dirisha moja. Ulitabiri watakwama, wakakwama, ubingwa ukahamia kwetu. Sawa. Ila wale wawili walikuwa wapishi wa mabao. John Bocco, mfungaji bora wa msimu uliotangulia kwa mabao 16, alibaki palepale Simba na msimu uliofuata akakauka. Akiondoka mmaliziaji, wenzake wanaweza kugawana mabao yake. Akiondoka anayefungua njia, hata mmaliziaji mzuri anaanza kuonekana galasa.

Ndiyo maana kwa Mayele sikutikisika sana, na kwa Aziz Ki usingizi umepungua. Huyu alikuwa anapika na kula. Wydad wamemchukua, na hela za Casablanca sisi hatuna za kushindana nazo. Akitokea mwingine wa kiwango hicho, naye atakwenda. Hilo tulizoee.

Wale wanaokujibu kwamba "Yanga ni kubwa kuliko mchezaji" wananichosha kuliko wewe. Maneno hayo hayapigi pasi. Wewe angalau unaangalia mpira na unajua nani alikuwa anafanya nini. Wao wanaangalia nembo. Mtu akiniambia tutakuwa salama, anionyeshe nani atapokea mpira kati ya mistari, nani atapiga faulo, na kama Pacome atasogezwa katikati, pembeni abaki nani. Mimi nikiyapanga hayo kichwani naona timu inayoweza kushinda ligi na kuteseka Afrika. Tarehe 25 Juni 2025, Aziz Ki akiwa tayari mchezaji wa Wydad, tumempiga Simba 2-0, Pacome na Mzize, tukabeba ubingwa siku hiyohiyo. Utasema hiyo ni mechi moja. Ni moja kweli, lakini ni ile ambayo ungeitabiria kipigo.

Tiketi yako ya Siku ya Mwananchi, ile siku Yanga inapotambulisha wachezaji wapya, ninayo mimi. Ukiandika tena "tumekwisha" kabla hujamuona mchezaji mpya hata mmoja akigusa mpira, nampa shemeji. Na unavyomjua, atakuja na jezi nyekundu ya Simba akae kwenye kiti chako.