Akina mama, wekeni kikatio na msasa wenu wa kucha nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na akina mama na akina dada wanaosoma gazeti lako. Mimi ni kijana wa Tandika, Dar es Salaam, na kwa miaka 9 nimekula kwa kazi ya kupaka rangi kucha. Ni mmoja wa wale mnaowaona wakikatiza uchochoroni na kikapu cha plastiki mkononi, vichupa vikigongana ili mlio ndani mjue tumefika. Nimepaka mabibi harusi, wauza samaki, walimu, wanachuo. Kazi hii imenilipia kodi ya chumba na inamsomesha mdogo wangu. Siionei aibu. Lakini kuna jambo nimekaa nalo moyoni na sasa nataka kulisema.

Kikapuni kwangu kulikuwa na mkasi mmoja, wembe mmoja na jiwe moja la kusugulia miguu. Vitu hivyo vilivyoanza na mguu wa mteja wa saa tatu asubuhi, ndivyo vilivyomalizia mguu wa mteja wa kumi na tano jioni. Kati ya mtu na mtu nilivipitishia pamba yenye asetoni, nikiamini vimekuwa safi. Aliyenifundisha kazi alifanya hivyo, nami nikafanya hivyo.

Mwaka juzi nilikuwa na mteja wangu wa kila mwezi kule Keko, bibi mmoja mwenye sukari. Kucha ya kidole gumba cha mguu wa kulia ilikuwa imejikunja pembeni na kuzama nyamani. Akaniambia, "Mjukuu wangu, nichokolee hiyo kona, inanisumbua nikivaa viatu." Nikaichokoa kwa ncha ya mkasi. Likatoka tone la damu, dogo kama punje ya uwele. Nikalifuta, nikampaka rangi ya damu ya mzee aliyoipenda, nikaondoka. Hakusikia maumivu hata kidogo na mimi nikaona ni heri. Kumbe hapo ndipo penye hatari. Mtu aliyekaa na sukari miaka mingi miguu yake huweza kufa ganzi, akaumia bila kujua, na damu isifike vizuri kukiponya kidonda.

Niliporudi mwezi uliofuata nilimkuta barazani, mguu umewekwa juu ya kigoda, umefungwa bandeji. Alikuwa anakwenda kliniki kusafishwa kidonda kwa wiki ya tatu. Vidole vinne vilichungulia nje ya bandeji, na rangi yangu bado iling'aa juu yake.

Hakunilaumu, alinikaribisha chai. Nilimsindikiza kliniki mara mbili, na nesi aliyekuwa akimhudumia alinieleza kwa nusu saa mambo ambayo sikuyajua kwa miaka yote ile. Kucha za miguuni hukatwa kwa kunyoosha, pembe zake haziingiliwi. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi na bado kikaambukiza, na wembe wa kuchangia ni njia yake mojawapo. Fangasi wa kucha nao husafiri kwa mkasi na msasa. Nilitoka pale nikihesabu kichwani miguu yote niliyoishika.

Ndiyo maana nawaombeni mjitengenezee kucha nyumbani, na hata siku mkituita sisi, toeni vifaa vyenu. Nunua kikatio cha kucha, msasa, jiwe la miguu, pamba, chupa ndogo ya asetoni na rangi unayoipenda, uviweke kwenye kopo lenye mfuniko. Mama na binti nao kila mmoja awe na vyake. Na mwenye sukari asikubali kona ya kucha yake ichokolewe na mtu yeyote wa mtaani, mimi nikiwemo. Hiyo ni kazi ya kliniki.

Namna ya kufanya ninayo na sitaki kuificha. Rangi hung'ang'ania kucha iliyoandaliwa vizuri, hata ikiwa ya bei ya chini. Ondoa ya zamani kwa pamba yenye asetoni; ibandike juu ya kucha, hesabu mpaka ishirini, ndipo uivute kuelekea nchani. Msiikwangue kwa wembe. Ukiikwangua unabandua na tabaka la kucha yenyewe, na kucha ya mkono huota kama milimita 3 tu kwa mwezi. Ile uliyoiharibu leo utakaa nayo karibu miezi 6, na ya kidole gumba cha mguu mwaka mzima au zaidi. Ukipiga msasa, peleka upande mmoja tu; kwenda na kurudi kunaipasua.

Ile ngozi nyembamba kwenye mzizi wa kucha, ambayo wateja wengi huniambia "itoe yote", muiache. Inaziba mlango wa vijidudu. Ipake mafuta ya nazi, isukume taratibu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, basi.

Kuna kosa moja nililifanya miaka mingi. Nilikuwa nikiloweka miguu ya mteja kwenye beseni, naifuta, napaka hapo hapo. Siku ya tatu ananipigia simu kwamba rangi imebanduka. Kucha hunywa maji ikavimba, ikikauka inasinyaa na rangi inaachia. Loweka, sugua, kisha fanya shughuli nyingine mpaka kucha ikauke kabisa. Kabla ya kupaka, ipitishie asetoni kidogo kuondoa mafuta. Kichupa usikitikise, kizungushe kati ya viganja, maana kukitikisa huleta mapovu. Piga mkono wa kwanza wa rangi katikati ya kucha, halafu kushoto na kulia, mwembamba, ukiacha nafasi ndogo kama uzi kabla ya ngozi. Subiri ukauke ndipo upake wa pili, na upitishe brashi kwenye ncha ya kucha. Hapo ndipo huanza kumeguka.

Fanyeni mchana, dirisha wazi, mbali na jiko. Umeme ukikatika na mshumaa ukawashwa, funika vichupa na uache. Asetoni hushika moto haraka sana.

Kwa wale wanaoswali, najua rangi huzuia maji ya udhu, na hina ya majani haina shida hiyo. Ila tafadhali, msichanganye na kanta, ile dawa ya kutia nywele weusi, ili iwe nyeusi. Dawa iliyomo kwenye kanta nyingi huweza kuunguza ngozi, na nimeona mikono ya bibi harusi ikitoka malengelenge siku mbili baada ya sherehe.

Kwa viongozi nina ombi moja. Maofisa afya wa kata watuite sisi wapaka rangi, hata kwa asubuhi moja, watuonyeshe jinsi ya kusafisha vifaa. Tuko wengi na tunafikika. Sauti ya vichupa inatutambulisha. Wengi wetu tungekuja.

Bibi wa Keko kidonda chake kilifunga baada ya miezi minne. Bado naenda kwake kila mwezi. Mjukuu wake wa kike huleta kopo la maziwa lenye msasa wa bibi na rangi yake ya damu ya mzee, na mimi nampaka mikono tu.

Mpaka rangi kucha,
Tandika, Dar es Salaam